Karamu ya Mtoto Siku ya Kuzaliwa Kwake: Jinsi ya Kuifanya Bila Mashaka



Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya karamu ndogo ambayo imeenea mijini na sasa yaingia vijijini, nayo ni karamu ya kukumbuka siku aliyozaliwa mtoto. Mtoto hutoka kwa mwenzake, ameona mishumaa na amekula keki, akifika nyumbani huuliza, "Na yangu itakuwa lini?" Swali hilo huwatia wazazi wengi fadhaa. Baba hufikiri mfuko wake, mama hufikiri jiko lake, na pengine wote wawili hufikiri macho ya jirani. Nia yetu ni kuonyesha ya kwamba karamu hii yaweza kufanywa na watu wenye mapato madogo, bila deni, bila ugomvi, na bila mtoto mwenyewe kuishia katika kulia.

Wako wazee wasemao kwamba desturi hii ni ya kigeni, tena haitupasi. Maneno yao yana ukweli nusu. Kufurahia kuzaliwa si jambo geni kwetu. Waislamu hukumbuka kuzaliwa kwa Mtume katika Maulidi, na mji wa Lamu una sifa kubwa kwa sababu ya Maulidi yake. Wakristo hukumbuka kuzaliwa kwa Yesu tarehe 25 Desemba. Huko pwani mtoto mchanga hufanyiwa akika siku ya saba, na siku ya arobaini mama hutoka ndani na jamaa hukusanyika. Kilicho kigeni ni kuirudia furaha hiyo kila mwaka, pamoja na keki na mishumaa yake.

Na hiyo keki na mishumaa ilitoka wapi? Habari mojawapo ya zamani iliyoandikwa yatoka Ujerumani. Mwaka 1746 Bwana Zinzendorf, kiongozi wa Kanisa la Moravian, alifanyiwa sikukuu ya kuzaliwa kwake mahali paitwapo Marienborn, na katika karamu hiyo palikuwa na keki kubwa iliyosimamishwa mishumaa kwa hesabu ya miaka yake. Kanisa hilo ndilo ambalo wamisioni wake walifika Rungwe, kusini mwa Tanzania ya sasa, mwaka 1891.

Nao wimbo uimbwao siku hiyo karibu duniani kote, sauti yake ilitungwa na dada wawili wa mji wa Louisville, katika Marekani, yaani Mildred Hill na Patty Hill. Waliupiga chapa mwaka 1893, nao ulikuwa wimbo wa kuamkiana asubuhi darasani, kwa maana Patty alikuwa mwalimu wa watoto wadogo. Baadaye maneno yake yakabadilishwa kuwa ya siku ya kuzaliwa. Kwa miaka mingi kampuni ilidai malipo kwa watu walioutumia wimbo huo katika filamu na michezo, hata mwaka 2015 hakimu mmoja wa Marekani akaamua kwamba dai lile halikuwa na msingi. Basi wimbo huo haukuanzia katika nyumba za matajiri, bali mbele ya watoto wadogo darasani, na kuuimba hakuhitaji hata senti moja.

Sasa na tuingie katika kazi yenyewe. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Karamu isiyo na mashaka huundwa kabla ya siku yake.

Jambo la kwanza ni tarehe. Bibi zetu walihesabu miaka kwa mambo makubwa yaliyotokea: mwaka wa nzige, mwaka wa njaa, mwaka wa mafuriko. Mzee aliyezaliwa hivyo hakukosa heshima, lakini mtoto wa leo asiye na tarehe hupata taabu katika kuandikishwa shule, katika kuomba hati ya kusafiria, na katika kudai urithi wake. Mapatano ya Haki za Mtoto yaliyokubaliwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1989 yasema katika kifungu cha 7 kwamba mtoto aandikishwe mara tu baada ya kuzaliwa. Kwa hiyo twawaomba wazazi, kabla hamjafikiri juu ya keki, mfungue sanduku na kutazama kama cheti cha kuzaliwa kimo. Ikiwa hakimo, fedha ya kwanza na itumike kwa nauli ya kwenda kukitafuta. Tena itazameni kadi ya kliniki. Mtoto wa Tanzania au Kenya hupata chanjo ya surua akiwa na miezi 9, na mara ya pili akiwa na miezi 18. Anayetimiza mwaka mmoja bila ile ya kwanza, au miaka miwili bila ile ya pili, apelekwe kliniki juma lile lile. Hiyo ni zawadi ambayo haivunjiki wala kuchakaa.

Na mtoto ambaye tarehe yake haijulikani kabisa, labda yatima aliyelelewa na jamaa, asiachwe nje ya furaha. Walezi wake na wachague siku moja, wamwambie, "Hii ni yako," nayo ishikwe kila mwaka bila kubadilishwa.

Jambo la pili ni fedha, na hapa ndipo watu wengi huanguka. Twakumbuka mtu mmoja katika mji tuliofundisha, karani wa duka, mwenye tabia njema na bidii. Jirani yake alimfanyia binti yake karamu kubwa, pakawa na ndafu, viti vya kukodi na muziki. Yule karani alikuwa na mwana atimizaye miaka 7 mwezi wa Desemba, akaona haya. Akakopa, akafanya karamu iliyopita ile ya jirani. Watu walikula wakamsifu. Mwezi wa Januari shule zilifunguliwa. Yule mtoto hakuonekana darasani siku ya kwanza, wala juma la kwanza, wala la pili. Tulipotuma mtu kuuliza, tuliambiwa kwamba hana viatu wala madaftari, kwa kuwa mshahara wote umekwenda kwa mdai. Majuma mawili mtoto alikaa kizingitini akiwatazama wenzake wakipita na mikoba yao, na wengi wao ndio waliokula pilau yake. Kukopa harusi, kulipa matanga. Alipolipa baba, aliyefanya matanga ni mtoto.

Basi kanuni yetu ni hii: fedha itangulie, karamu ifuate. Mtu asipange karamu kisha akatafute fedha za kuitosha. Na awe na kibubu, atie kidogo kidogo. Wanafunzi, fanyeni hesabu pamoja nasi. Mzazi wa Tanzania atiaye shilingi 1,000 kila juma kwa majuma 26, yaani nusu mwaka, atapata shilingi 26,000. Hizo ndizo mpaka wa karamu yake. Akiweza kutia 2,000, atapata 52,000, na huo ndio mpaka. Zikiwa chache, karamu itakuwa ndogo, wala mtoto wa miaka 5 hana mizani ya kupimia gharama. Hukumbuka nani alikuja, nini walicheza, na kama mama yake alicheka.

Pengine msikilizaji mmoja atasema, "Na heshima ya nyumba yangu?" Twamjibu hivi. Heshima ya nyumba ni kulipa duka mwisho wa mwezi na kumpeleka mtoto shuleni na kalamu yake. Vilevile hatushauri kutembeza daftari la michango kwa ajili ya karamu ya mtoto. Michango ina mahali pake, katika harusi, msiba na ugonjwa. Jirani akichoshwa kwa mambo madogo, siku ya jambo kubwa mkono wake utakuwa mzito.

Jambo la tatu ni wageni na saa. Wazazi wengi wa ng'ambo hutumia kipimo chepesi: watoto waalikwe kwa hesabu ya miaka ya mwenye karamu, akaongezwa mmoja. Mtoto wa miaka 4 aalike watano, wa miaka 6 aalike saba. Sababu yake ni njema, maana mtoto mdogo akiona umati huingiwa na hofu. Lakini sisi tukaao vijijini twajua ya kwamba harufu ya maandazi haisomi majina ya walioalikwa. Watoto wa mtaa watakuja, watasimama penye ua, nao ni watoto wa wenzetu. Kumfukuza mtoto mlangoni siku ya furaha ni neno baya, tena yule aliyefukuzwa hatasahau. Kwa hiyo pangeni tangu mwanzo. Waliokaribishwa kwa jina wawe wachache, nao wakae karibu na mwenzao. Wengine wote wapate sehemu yao ya chakula na ya mchezo. Hii ndiyo sababu ya kuchagua chakula kigawanyikacho, kama maandazi na vipande vya matunda, wala si chakula cha kuhesabu kama paja la kuku.

Mwaliko utolewe kwa mdomo juma moja mbele, na mzazi aambiwe saa ya kuanza na saa ya kwisha. Watu wetu ni hodari wa kutaja saa ya kuanza, lakini ya kwisha hawaitaji, na hapo ndipo taabu huzaliwa. Saa mbili zatosha. Twapendekeza saa 9 alasiri hata saa 11 jioni. Wadogo watakuwa wamekwisha kulala mchana, jua la utosini limepungua, na kila mtoto atafika kwao kabla ya giza. Ikiwa ni majira ya masika, tafuteni baraza au darasa, msitegemee ua peke yake.

Jambo la nne ni kugawanya kazi. Katika nyumba nyingi karamu ya mtoto ni kifungo cha mama. Yeye huamka alfajiri, hupika, huosha, huwakaribisha watu, na wageni wakiondoka huwa hajala. Hebu tukumbuke ni nani aliyeumia siku ile mtoto alipozaliwa. Si haki siku ya kukumbuka uchungu wake iwe tena siku ya kumchosha. Baba na atwae karatasi, aandike kazi zote, na mbele ya kila kazi jina la mtu mmoja. Mpango waweza kuwa hivi:

Juma moja kabla: baba awaalike wageni na kununua unga, sukari na sabuni.

Siku mbili kabla: kaka wakubwa wafyeke ua, wafukie mashimo, waokote vigae na misumari, na kufunika kisima.

Siku moja kabla: maji ya kunywa yachemshwe, yapozwe, yahifadhiwe katika chombo chenye kifuniko. Keki ipikwe jioni hiyo, ili siku yenyewe jiko lisiwe na fujo.

Asubuhi ya siku yenyewe: shangazi au jirani wakaange maandazi, na dada waandae vyombo. Mama apumzike baada ya chakula cha mchana, hata ikiwa nusu saa tu.

Wakati wa karamu: mtu mzima mmoja asimamie michezo, mmoja asimamie chakula, na mmoja asiwe na kazi nyingine ila kutazama wadogo.

Jambo la tano ni chakula. Vinne vyatosha: kimoja cha kushiba, kimoja kitamu, tunda moja, na kinywaji kimoja. Karamu yenye vyakula kumi humchosha mpishi, na watoto huonja wakaacha. Ikiwa mwataka wali au pilau, kilo 1 ya mchele yawatosha watoto wadogo kama 15, kwa hiyo kilo 2 zitawatosha watoto 20 na watu wazima wachache. Lakini maandazi au vitumbua vyafaa zaidi, maana huliwa kwa mkono wala havihitaji sahani. Tunda liwe la majira: embe, chungwa, papai, ndizi au nanasi. Kinywaji kiwe maji ya ndimu au ya ukwaju yenye sukari kidogo.

Juu ya keki, msihangaike kununua ile ya mjini iliyopakwa rangi. Mkate wa mayai waweza kupikwa juu ya mkaa katika sufuria. Twaa mayai 6, sukari gramu 200 na unga wa ngano gramu 200. Piga mayai na sukari kwa nguvu mpaka povu liwe zito na jeupe, tena usikate tamaa mapema, maana povu hilo ndilo liinualo mkate. Tia hiliki iliyotwangwa. Nyunyiza unga kidogo kidogo, ukichanganya polepole ili povu lisife. Mimina katika sufuria iliyopakwa samli, funika, weka makaa machache chini na mengi zaidi juu ya kifuniko. Ukichoma kwa kijiti safi nacho kikatoka kikavu, mkate umeiva. Na nyumba isiyoweza kupata mayai 6 na isimamishe mshumaa mmoja juu ya sinia la maandazi. Watoto wataimba kwa sauti ile ile.

Hapa hatuna budi kusema neno juu ya usafi, kwa maana karamu imewahi kugeuka kuwa safari ya hospitali. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mafunzo matano ya chakula salama, nayo ni mepesi kukumbuka: shika usafi, tenga kibichi na kilichopikwa, pika mpaka kiive kabisa, weka chakula katika joto au baridi ifaayo, tumia maji na vyakula vilivyo salama. Katika mafunzo hayo imesemwa kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida zaidi ya saa 2. Wali uliopikwa asubuhi ukakaa katika sufuria vuguvugu mpaka alasiri waweza kuleta matapishi na kuhara, na kuupasha moto hakuondoi sumu iliyokwisha kuingia. Basi pikeni karibu na saa ya kula. Na penye mlango pawe na maji ya kutiririka kutoka katika kata au birika, na sabuni, kila mtoto anawe kabla ya kula. Msitumie beseni moja kwa mikono yote, maana wa mwisho huoga uchafu wa wote.

Jambo la sita ni michezo, nayo ndiyo roho ya karamu. Sisi walimu tumejifunza darasani ya kwamba mtoto hawezi kukaa kimya muda mrefu, wala hawezi kukimbia muda mrefu bila kugombana. Dawa yake ni kubadilisha: mchezo wa mbio, kisha mchezo wa kukaa. Saa mbili zetu zaweza kugawanywa hivi. Nusu saa ya kwanza, wanapowasili, waruke kamba na kucheza mdako, kwa maana michezo hii humruhusu mgeni kuingia wakati wowote. Nusu saa ya pili iwe ya nguvu: mbio za magunia, kuvuta kamba, rede au kombolela. Kisha wakae mkekani, wapumue kwa vitendawili na hadithi moja fupi kutoka kwa bibi au babu. Ndipo wanawe, wale, waimbe, mshumaa uzimwe. Robo saa ya mwisho wacheze ukuti kwa kushikana mikono, hata wazazi waje kuwachukua.

Washindi wa michezo wasipewe tuzo kubwa. Tuzo kubwa hufanya mmoja acheke na kumi na tisa walie. Kalamu ya risasi moja kwa kila mtoto, aliyeshinda na aliyeshindwa, ni bora kuliko mpira mmoja kwa mshindi.

Jambo la saba ni zawadi. Mtoto wa maskini hujua aibu mapema kuliko tunavyodhani. Wako watoto wasemao kwamba wana homa siku ya karamu, na ukichunguza huoni homa. Ni kwamba hawana cha kuchukua mkononi. Basi katika mwaliko semeni wazi, "Mtoto na aje mikono mitupu, twamtaka yeye." Atakayeleta zawadi hata hivyo, ipokewe kwa shukrani na iwekwe ndani, isifunguliwe mbele ya watu wala kulinganishwa na nyingine. Wageni wakisha kwenda, mtoto azifungue, akumbuke jina la kila aliyetoa, na kesho yake aende kushukuru.

Jambo la nane ni hatari. Mtoto wa chini ya miaka 5 asipewe karanga nzima, korosho nzima wala peremende ngumu, maana zaweza kumkaba koo. Vipande vya puto lililopasuka vyaweza kumkaba vilevile, basi viokotwe mara moja. Jiko na sufuria ya mafuta viwe mahali ambapo watoto hawafiki. Ndoo ya maji isiachwe wazi, kwa kuwa mtoto atambaaye aweza kufa maji katika ndoo. Tena imeingia desturi ya kummwagia maji mwenye kuzaliwa ghafula. Vijana wakubwa wakitaniana hivyo kwa hiari yao, ni mzaha. Lakini mtoto mdogo hushtuka, hulia, na mara nyingi nguo yake ya pekee ya sikukuu huharibika. Hatuoni furaha iliyomo.

Na mtoto akilia katika karamu yake, msimkaripie mbele ya watu kwamba anawaaibisha. Aghalabu amechoka, au ana njaa, au ameogopa nyuso nyingi. Mtu mmoja ampendaye na amchukue pembeni mahali palipo kimya, ampe maji, akae naye kidogo. Wenzake waendelee kucheza. Atarudi mwenyewe. Juu ya yule atimizaye mwaka mmoja, tukumbuke kwamba hajui karamu ni nini. Yamtosha kukumbatiwa na jamaa zake, kuombewa dua au sala, na kula ndizi iliyopondwa.

Kuna njia nyingine ambayo twaisifu sana, hasa kwa shule na vijiji vya watu wa hali ya chini. Nyumba tatu au nne zenye watoto waliozaliwa mwezi mmoja na zifanye karamu moja. Mmoja alete unga, mwingine sukari, mwingine matunda, mwingine ua wake. Kadhalika mwalimu aweza, mwisho wa kila mwezi, kuwasimamisha mbele ya darasa wanafunzi wote waliozaliwa mwezi huo, darasa likawaimbia, na kila mmoja akasema jambo moja atakalo kujifunza mwaka ujao. Kazi hiyo haizidi dakika 15, haihitaji fedha, wala hapana mtoto atakayesahauliwa.

Mwisho twataka kutaja sehemu ya karamu ambayo haigharimu kitu, nayo husahauliwa kuliko zote. Jioni, wageni wakisha kwenda na vyombo vikisha kuoshwa, mkalisheni mtoto kati ya jamaa, mkamweleze siku aliyozaliwa. Mvua ilinyesha au jua liliwaka? Nani alikimbia usiku kumwita mkunga au kutafuta gari? Nani alimbeba kwanza? Jina lake lilitoka kwa nani, na mtu huyo alikuwa mtu wa namna gani? Bibi aseme anayoyajua, na baba aseme yake. Kisha msimamisheni penye mwimo wa mlango, tieni alama ya mkaa juu ya kichwa chake, andikeni mwaka. Mwaka ujao ataiona alama hiyo iko chini yake. Mwenye shamba na apande mti pamoja naye, mwembe au mchungwa. Na mtoto mwenyewe afundishwe kumwendea mama yake na kumwambia, "Ahsante, mama, kwa kunizaa." Mama wengi wamepika karamu nyingi bila kulisikia neno hilo.

Wanafunzi, haya ndiyo ya kuandika katika madaftari yenu: tarehe ijulikane, fedha itangulie, wageni wajue saa ya kwisha, kazi igawanywe, chakula kiwe kichache na safi, michezo ibadilishwe, zawadi isimtie mtu haya, na wadogo watazamwe. Mkifika nyumbani, waulizeni wazazi wenu habari za siku mliyozaliwa. Na ninyi wazazi, wajibuni vizuri, maana wanangoja.